Mtoto Aliyelala Haitwi

Nilipokuwa mjamzito tulicheza mchezo wa majina, mimi na mume wangu, na kila mara mchezo ule uliishia pabaya. Jioni, akitoka kupeleka majani ya chai kwenye kituo cha kununulia, alivua gambuti mlangoni, akaketi karibu na jiko, na kabla chai haijachemka alikuwa ameshataja jina. Mimi nililionja. La kwanza lilikuwa la msichana aliyeketi nyuma yangu shuleni, akanikata nywele kwa wembe. La pili lilikuwa la mwalimu wa hesabu, na sikuhitaji kueleza zaidi. La tatu alilitoa kwenye Biblia, jina zuri la mwanamke mwaminifu, lakini kule nilikokulia, kwenye laini, zile safu za nyumba za wafanyakazi katika shamba la kampuni, mwenye jina hilo aliuza pombe ya chang'aa nyuma ya bafu za pamoja. Mpaka leo nikilisikia, nasikia harufu ya chang'aa na maji ya sabuni.

Yangu nayo hayakumpendeza. Nilitaja jina nililokuwa nimempa mwanamke mmoja katika riwaya yangu, mwanamke niliyempenda kama ndugu. Mume wangu akacheka mpaka akaweka kikombe chini. Hilo, akasema, lilikuwa jina la ng'ombe wao wa kwanza wa gredi.

"Nikimwita mtoto, atakimbilia josho."

Tukacheka wote. Alicheka kwa moyo wote. Mimi nilicheka ili muda upite, kwa sababu kulikuwa na jina moja ambalo sikuwa nimelitaja, na nililiogopa kuliko yote yale. Lilikuwa la dada yangu mdogo.

Sitaliandika hapa. Siandiki jina la mtu yeyote hapa. Nimelelewa na mwanamke anayeamini kwamba jina likitamkwa kuna anayesikia, na ingawa nimesoma vitabu vingi tangu hapo, mkono wangu haujaacha kumwamini.

Sisi ni watu wa ziwani. Baba alipanda huku juu akiwa kijana, akaajiriwa kiwandani, katika chumba cha kuchekecha chai, ambako vumbi la chai huelea hewani na kuwaingia watu kwenye nguo, nywele na mapafu. Alirudi nyumbani akipiga chafya. Tulijua amefika kwa chafya zake kabla ya kusikia viatu vyake. Dada yangu alizaliwa kwenye laini zile, akapewa jina la kwetu, na herufi ya kwanza tu ya jina hilo inatosha kumwambia mtu wa huku kwamba mwenye nalo si wa hapa.

Ulipofika ule mwaka wa uchaguzi ulioharibika, mama alituketisha kitandani akatufundisha. Mkiulizwa, semeni jina la ubatizo, basi. Msiongeze. Tulirudia mbele yake kama somo. Siku tuliyotoka, tukielekea kituo cha polisi ambako watu wa kwetu walikuwa wakikusanyika, tulikuta gogo limelazwa barabarani na vijana wamesimama kando yake. Mmoja aliinama akamuuliza dada yangu jina. Alimuuliza kwa upole, jinsi mtu anavyomuuliza mtoto yeyote. Na dada yangu, ambaye alikuwa amejifunza juzijuzi tu kulisema jina lake bila kukosea, akalisema lote. La ubatizo, la kwetu, na la baba juu yake, kwa sauti ya mtoto anayekariri shairi mbele ya wageni.

Vijana walitazamana. Mmoja akacheka. Gogo likasogezwa, tukapita, na sijui kwa nini. Lakini kiganja cha mama kilikuwa kimeshamziba dada mdomo, kimechelewa, na kilikaa pale mpaka tukafika.

Uwanja wa polisi ulikuwa nyasi tupu zilizolowa. Tulilala chini ya turubai pamoja na watu wengine wengi. Alasiri moja mvua ya mawe ilitoboa turubai, na baridi ile ikamwingia dada yangu kifuani. Alikohoa, kisha akawa anapumua kama mtu anayepanda mlima, kisha mlima ukamshinda. Baba alimpeleka ziwani kwenda kumzika. Sisi wengine tulirudi kwenye laini vurugu zilipotulia, kwa sababu kazi ya baba ilikuwa huku, na kikombe cha dada cha plastiki tulikikuta pale pale tulipokiacha.

Mama hakulitaja tena jina lile mbele yetu. Nami nikakua nikiamini, kama mtoto anavyoamini jambo ambalo hakuna aliyemwambia, kwamba ni jina lililomchukua. Alilisema mahali pasipofaa, na baridi ikalisikia.

Watu huniuliza ilikuwaje nikaolewa huku huku. Nawajibu kwamba hapa ndipo nilipozaliwa, na kwamba mtu hupenda anakopenda. Mume wangu ni mtoto wa Bureti. Wazazi wake walikuwa na shamba dogo la chai na ng'ombe wachache upande wa Roret, na sasa baba yake hayupo, tunaishi sisi na mama yake. Mama mkwe alinipokea kwa kibuyu cha mursik, maziwa yao ya kugandisha yaliyotiwa mkaa, akanitazama nikinywa mpaka tone la mwisho, na hakuniuliza chochote kuhusu mwaka ule. Mimi pia sikumwambia. Katika nyumba ile mwaka ule ulikuwa kama kisima cha zamani kilichofunikwa kwa mbao. Kila mtu alijua kilipo, na kila mtu alipita kando.

Tumbo lilipokuwa kubwa, mama yangu alinipigia simu kutoka ziwani, ambako yeye na baba walirudi baba alipostaafu. Aliniuliza habari za miguu kuvimba, za kiungulia, za mvua. Kisha akashusha sauti, na mimi nikajua.

Alisema amemwota. Alikuwa amesimama mlangoni mwa nyumba yetu ya laini, amelowa, anaomba aingie.

Nikamuuliza ni nani.

"Unamjua," akasema.

Kwetu, marehemu akija ndotoni wakati mtoto yuko njiani, anataka jina. Ukimnyima, mtoto atazaliwa na kilio kisicho na dawa. Atalia asinyonye, atalia asilale, mpaka jina lake litajwe. Hilo nililijua tangu utotoni. Lakini wanaokuja kwa kawaida ni wazee, watu walioishi wakashiba, na wanachotaka ni kukumbukwa. Nilimwambia mama hivyo. Nilimwambia yule ni mtoto.

"Mtoto naye ana miguu, nyathina," akasema, na neno hilo, mwanangu, alilisema taratibu sana. "Anaweza kuja."

Baada ya simu ile sikucheza tena mchezo wa majina. Mume wangu alitaja, nikasema tutaona. Sikumweleza. Ningemwelezaje? Niliogopa kumpa mtoto wangu jina la mtoto aliyekufa kabla hajaota meno ya pili, nikaogopa kwamba maisha mafupi ya yule yangemshika mkono huyu na kumwongoza njia ile ile, baridi ile ile, kifua kile kile. Na chini ya hofu hiyo kulikuwa na nyingine niliyoionea haya. Jina lile, likiitwa kila asubuhi katika boma lile, na mama mkwe, na majirani, na watu wa kanisa, lingekuwa shutuma. Mtu angeuliza, lilikuwa la nani? Na mbao za kile kisima zingefunguliwa.

Binti yetu alizaliwa alasiri ya mvua ya mawe. Nilipoisikia ikianza juu ya mabati ya wodi, niliwaambia waizuie, na muuguzi akadhani maumivu yamenipandisha wazimu. Sikusikia kilio cha kwanza cha mwanangu. Niliona mdomo mdogo umefunguka, na mabati ndiyo yaliyonguruma.

Watu wa mume wangu humpa mtoto jina la saa au hali aliyozaliwa. Kuna wa alfajiri, wa jioni, wa ng'ombe wanaporudi zizini, wa safarini, wa mvua. Hilo halikuwa na ubishi. Muuguzi, ambaye ni mtu wa huko huko, alilisema kabla hata hajamfuta mtoto uso. Lakini chini ya jina hilo kuna lingine, la ndani, la marehemu wa ukoo anayerudi. Hilo wazazi hawalichagui. Wanawake wazee hukaa na mtoto, humwekea ugoro kidogo kwenye pua, huwataja wafu wa ukoo mmoja mmoja, na mtoto akipiga chafya, wamempata. Aliyetajwa wakati wa chafya ndiye aliyekuja.

Mama yangu alifika tuliporudi nyumbani. Alishuka Sotik, akaletwa na pikipiki, amejifunga leso mbili na sweta juu yake, na omena, dagaa wa ziwani, kwenye mfuko uliotangulia kunukia kabla yeye hajaingia. Yeye na mama mkwe walishikana mikono kwa muda mrefu, wakaulizana habari za barabara, za ng'ombe, za magoti. Ungedhani ni marafiki. Kisha mama akamchukua mtoto, akamtazama usoni, na akaendelea kumtazama hata baada ya watu wengine kuanza mazungumzo mengine.

Mtoto alilia. Alianza jua likielekea magharibi na hakunyamaza mpaka amechoka. Mama mkwe alisema ni hewa tumboni. Kliniki walisema ana afya, amepata uzito, watoto hulia. Nilimlaza kifuani kwangu nikasikiliza pumzi zake, nikitafuta ile sauti ya mtu anayepanda mlima. Wakati mwingine niliisikia. Nilikuwa naisikia hata alipokuwa amelala chumba kingine na mimi niko nje nikianika nepi.

Kisha siku moja, jua bado liko juu, mama alikuwa jikoni anamwogesha. Nilikuwa nikileta taulo. Mtoto alikuwa analia kama kawaida, mikono inapiga maji ya beseni, na mama alikuwa ameinama akimsemesha kwa lugha ya kwetu, sauti ya chini. Nikasikia jina. Alilirudia. Hakuwa analiimba, alikuwa analiita, kama mtu anavyoita mlangoni akijua kuna mtu ndani.

Mtoto akanyamaza.

Alinyamaza mara moja, macho wazi, mikono imetulia juu ya maji, anamtazama mama yangu. Nilisimama pale na taulo. Maji yalikuwa ya joto, najua. Kiganja cha mama kilikuwa kimempata nyuma ya shingo, mahali ambapo watoto hupenda kushikwa, hilo pia najua. Lakini nilichofikiria ni kwamba nimeshaulizwa swali na mtoto ameshajibu.

Sikumwambia mume wangu. Mama hakujua nimeona. Usiku ule nilimshika mtoto kwa nguvu mno, akalia, na safari ile nilifurahi kulia kwake.

Mama mkwe aliandaa siku ya chafya baada ya ibada ya Jumapili. Yeye ni mama wa kanisa, mwenye kitambaa cheupe kichwani na sauti ya kwanza katika nyimbo, na kanisa lake halitaki ugoro. Kwa hiyo wanawake wa mtaa ule waliacha ugoro zamani, wakashika vumbi la chai. Ni lile laini kabisa linalobaki chini ya chekeche za kiwanda, ambalo hata kwenye chujio la nyumbani halikamatwi. Ugoro ni dhambi, mama mkwe alinieleza, lakini chai si dhambi, na pua haijui tofauti.

Walikuja kogo wawili, bibi wa ukoo, mmoja mwenye fimbo na mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Wanaume hawakai ndani. Mume wangu alikuwa nje ya dirisha akikatakata nyasi za nepia za ng'ombe kwa panga, akijifanya hasikilizi. Mama yangu aliketi karibu na mlango, mahali pa mgeni. Mama mkwe akafungua mkebe mdogo, na harufu ikatoka, na nikamwona mama akiinua kichwa kama mtu aliyeitwa. Ilikuwa harufu ya mashati ya baba.

Wakaanza. Kidole cha mama mkwe kilishika chembe tu ya vumbi, kikakaa chini ya pua ya mtoto, na kogo wakawa wanaita kwa zamu. Walimwita mama mzaa babu, aliyejenga nyumba yake kwa mikono yake. Kimya. Wakamwita dada wa babu, aliyejua dawa za ng'ombe. Kimya. Walimwita mwingine aliyekuwa na sauti ya kusikika bonde la pili, na mwingine aliyezaa mapacha mara mbili, na kila jina liliitwa pamoja na habari zake, ili anayeitwa asikosee ni yeye. Ni wewe uliyefanya hivi? Basi njoo. Niliona walivyomruka mmoja, macho yao yakikutana juu ya kichwa cha mtoto. Nikauliza ni nani huyo.

"Huyo akae huko huko," kogo mwenye fimbo akasema. "Alikuwa anauma watu."

Walicheka. Mtoto alipiga miayo. Vumbi likaongezwa kidogo, majina yakarudiwa kutoka mwanzo, na mtoto akakunja uso, akaukunjua. Kogo wa miwani akasema pua hii ni ya kampuni, imeshazoea. Wakacheka tena, lakini kicheko kilikuwa kimepungua. Mama mkwe hakucheka. Majina yalikuwa yamekwisha. Mtoto ambaye hakuna marehemu wa nyumba anayemtaka ni jambo ambalo halisemwi, na hakuna aliyelisema, lakini lilikuwa limeingia chumbani na kuketi pamoja nasi.

Ndipo mama mkwe akageuka.

"Mama," akamwambia mama yangu, "kwenu hakuna mtu?"

Mama alinitazama. Nilitikisa kichwa. Nilikitikisa waziwazi, si kwa siri, na aliniona. Kisha akamtazama mtoto na akalisema lile jina. Alilisema lote, la ubatizo, la kwetu, na la baba juu yake.

Pua ya mwanangu ilikunjamana. Mdomo ukafunguka, kichwa kikarudi nyuma kidogo kwenye mkono wa mama mkwe. Naijua chafya inavyokuja, nimelelewa na chafya. Ilikuwa inakuja. Mama mkwe akaondoa kidole chake chini ya pua ile, akakifuta kwenye sketi. Uso wa mtoto ukatulia.

"Huyo alikuwa nani?" akauliza.

"Mtoto wangu."

"Alikuwa mkubwa?"

"Alikuwa ndio ameanza kujua kusema jina lake."

"Alikufia wapi?"

Nilitaka kusema ziwani. Neno lilikuwa kinywani mwangu.

"Hapa," mama akasema. "Mwaka ule. Kwa uwanja wa polisi."

Nje, panga liliacha kukata.

Kogo mwenye fimbo aliangalia sakafu. Yule wa miwani aliivua, akaifuta, akakaa nayo mkononi. Kwa mara ya kwanza tangu simu ile ya mama sikuwa naogopa wafu hata kidogo. Niliwaogopa wanawake wale wanne, na mimi mwenyewe, na mume wangu aliyesimama nje na panga lililonyamaza. Nilijua kwamba neno moja likisemwa sasa, zuri au baya, nitaishi nalo ndani ya nyumba ile mpaka nizeeke. Mama mkwe alifunika mkebe. Alimfunika mtoto blanketi vizuri, miguu kwanza, kisha kifua. Alichukua muda.

"Sisi hatuitangi mtoto," akasema. "Mtoto hajamaliza usingizi yake. Ukimwita unamwamsha, na akiamka atakuja kuangalia nani amelala mahali pake. Mwache alale, mama."

"Yeye ndiye alikuja," mama akasema. "Mimi sikumwita."

"Alikuja kwako juu wewe ndiye mama yake. Hii si mama yake." Akamgusa mwanangu kidevu. "Hii ni mtoto kama yeye."

Mpaka leo sijui kama ile ilikuwa mila au aibu. Nimewauliza watu wa huku, wengine wamesema ndivyo, aliyekufa mdogo haitwi, anayerudi ni aliyezaa akaacha watu. Wengine wamesema hawajui. Pengine mama mkwe hakutaka kuliita jina lile bomani kwake kila asubuhi, na mimi ningemlaumuje, na mimi sikulitaka? Nilichokiona ni kwamba alinyanyuka, na magoti yake si mazuri, akamimina chai kutoka kwenye thermosi, akavuka chumba akampa mama yangu. Hakumwekea mezani. Alimpa mkononi, akaifunga mikono yake miwili juu ya mikono ya mama juu ya kikombe, wakakaa hivyo. Hakuna aliyeomba msamaha. Hakuna aliyetajwa kuwa na kosa. Mama alikuwa analia bila sauti.

"Lete mzee," mama mkwe akamwambia. "Mama yako aliitwaje?"

Mama akasema jina la dani, bibi yangu. Nilimkumbuka dani mara moja, hana jino hata moja, analowanisha mahindi ya kuchoma kwenye chai ili yalainike. Maisha yake yote alikataa kupanda huku kututembelea. Baridi ya majani chai, alisema, ni ya watu wasio na jamaa. Mkebe ukafunguliwa. Kidole kikarudi mahali pake. Mama akamaliza kusema jina, na mtoto akapiga chafya, kali, ya mzee, iliyomshtua hata yeye mwenyewe.

Kogo mwenye fimbo hakupendezwa. Alisema watu wa upande mwingine hawaitwi hapa, hii ni nyumba ya watu fulani.

"Amepiga chafya," mama mkwe akasema. "Mimi nitairudisha wapi?"

"Atasikia baridi huyo."

"Tutampa sweta."

Mama yangu alicheka katikati ya machozi, kicheko kibaya cha pua iliyoziba, na kogo wa miwani akaanza kucheka kwa sababu ya kicheko hicho. Nje, panga likaanza tena kukata.

Siku mama alipoondoka nilimsindikiza mpaka barabarani, mtoto mgongoni. Tulisubiri pikipiki kando ya chai ya jirani. Hakunilaumu kwa kutikisa kichwa, nami sikumlaumu kwa kutotii. Aliniambia nimfunge mtoto kichwa. Kisha, pikipiki ilipokuwa inapinda kona, akasema, "Hajaja tena." Alisema kama mtu anayesema habari za jirani aliyehama, na sikujua kama anashukuru au anaomboleza. Nadhani hata yeye hakujua. Alipanda, akafunga leso yake chini ya goti, akaenda.

Ningependa kuandika kwamba hofu yangu iliondoka naye. Haikuondoka. Mtoto alipewa jina la mvua na jina la dani, na kilio chake hakikusikia lolote kati ya hayo mawili. Kila jioni alilia. Na kila jioni nilikumbuka beseni, na mikono iliyotulia juu ya maji. Nilikuwa najua neno moja linaloweza kumnyamazisha, au nilidhani nalijua, na kulijua neno kama hilo na kulifungia kinywani ni kazi ya kuchosha. Nilianza kuogopa kwamba siku moja, kwa uchovu tu, nitalitumia, na atanyamaza, na akishanyamaza atakuwa si wangu.

Alasiri moja mume wangu na mama yake walikuwa wameenda kituoni na majani. Wingu lilikuja kutoka upande wa msitu, jeusi chini na jeupe juu, na ng'ombe wakaanza kurudi wenyewe kuelekea zizini. Kisha mvua ya mawe ikapiga. Niliisikia ikishuka bondeni, ikichana chai ya watu, ikaja, ikafika kwetu, na mabati yakanguruma kiasi kwamba sikusikia tena saa ya ukutani, wala sufuria iliyoanguka jikoni. Sikumsikia mwanangu pia. Nilimwona tu mikononi mwangu, uso mwekundu, mdomo wazi, kama siku ile ya kwanza.

Nilimfunga blanketi. Nilimpandisha begani, nikatembea naye, nikamwimbia jina la mvua katikati ya mvua. Nilimwita kwa jina la dani. Alijinyoosha kama upinde. Nje, mawe yalikuwa yanajaa uani, meupe, yanaruka, na mlangoni, kwenye kizingiti, yalikuwa yameanza kuingia.

Sikuamua. Nilikwenda mlangoni, nikasimama pale ambapo baridi inaingia, na nikalisema jina la dada yangu. Tangu uwanjani sikuwa nimelisema. Lilikuwa dogo kinywani, jina la mtoto, halikuwa limekua pamoja nami. Nililisema lote, kwa mpangilio aliolisema yeye barabarani, na ninajua sikuwa namwambia mwanangu. Nilikuwa naangalia ua. Nikasema, "Lala. Lala tu. Usije, hapa kuna baridi."

Kisha, nikiogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, nikamtazama mtoto.

Alikuwa analia. Hakuwa amesikia chochote. Alikuwa analia kwa nguvu zake zote, miguu inanipiga mbavu, machozi yanamwingia masikioni, ana hasira, ana njaa, ana kifua cha kutosha kupambana na mabati. Nikafunga mlango. Nikaketi na kumpa ziwa, na hata hapo aliendelea kulia kwa muda kabla ya kulishika, na nilimwacha alie.